Jinsi ya kuwa chialida wa chuo huku Marekani na bado ukaja kuwa mchungaji

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna mama mmoja wa ushirika wetu alinifuata baada ya ibada, uso ameukunja kabisa, akaniambia mchungaji naomba uongee na mwanangu, kaingia chuo juzi tu na tayari anataka kujiunga na wale wanaorukaruka pembeni ya uwanja na mapompomu, mtoto wa kiume! Maskini mama wa watu, hakujua hiyo kesi anampelekea nani. Mi mwenyewe nilikua chialida chuoni, yaani mmoja wa haohao wanaoongoza watu kushangilia timu, wakati huohuo naongoza fellowship ya wanafunzi, na picha ya ushahidi ipo ila mke wangu kaificha anasema anaisubiria siku nikifikisha miaka sitini. Kwahiyo badala ya kumkataza yule kijana nikamfundisha namna ya kumshika mtu asianguke. Haya ndo niliyomwambia, na mengine nimeongeza kwa ajili yenu wengine mnaoingia vyuo vya huku Marekani mkiwa na mabega mapana na aibu nyingi.

Malizana kwanza na watakaokucheka

Watacheka tu, hilo usijidanganye. Dawa yake ni historia kidogo, manake wengi wanadhani hii kazi ni ya wasichana tangu uumbaji. Wapi! Anaehesabiwa kuwa chialida wa kwanza ni mwanaume, mwanafunzi wa University of Minnesota anaitwa Johnny Campbell, tarehe 2 Novemba 1898, timu yao ya futiboli (ile ya Kimarekani, ya kubeba mpira mkononi) ilikua inapigwa tu mechi baada ya mechi na watu wamepoa, jamaa akashuka mbele ya jukwaa akaanza kuongoza kelele kwa mpangilio na siku hiyo wakashinda. Baada ya hapo miaka na miaka ilikua kazi ya wanaume peke yao, wanawake walianza kuingia 1923, hukohuko Minnesota, na vita kuu ya pili ilipowazoa wavulana vyuoni ndo wasichana wakaishika moja kwa moja. Mtu akiendelea kubisha mtajie marais. Franklin Roosevelt aliongoza kushangilia pale Harvard, Eisenhower alifanya hivyo West Point, chuo cha jeshi, baada ya goti kumharibikia uwanjani, Reagan alishangilia chuoni kwao Eureka, na George W. Bush alikua kiongozi wa machialida kwenye shule ya bweni aliyosoma. Hii orodha nilikua namsomea baba mdogo kila akinipigia simu, ikafika mahali akipiga hata salamu haanzi nayo, anauliza tu "Mheshimiwa rais, umemrusha nani leo?"

Wako na wengine ambao watakwambia huo si mchezo wa kweli. Hao usibishane nao, waalike mazoezini jumatatu asubuhi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe ililitambua rasmi shirikisho la kimataifa la ushangiliaji mwaka 2021, ila ukianza kuyaeleza hayo mbele ya wazee wa kanisa unajichosha.

Namna ya kuingia

Timu zenye wavulana na wasichana zina njaa ya wavulana. Wasichana wengi wanakuja chuoni wameshafanya hii kitu tangu shule ya msingi, wavulana hakuna, kwahiyo nahodha anakwenda kuwatafuta jimu kwenye vyuma. Ukiwa unanyanyua vyuma vyako kwa amani na akaja binti mfupi hivi anatabasamu sana akakuuliza "hivi we unaweza kuninyanyua mimi?", jua hapo hakuna mambo ya mapenzi, unasajiliwa. Mi nilielewa vibaya kwa wiki nzima, nikanunua mpaka manukato.

Usaili rasmi kwa kawaida unafanyika mwishoni mwa mwaka wa masomo, kwenye Aprili na Mei, kwa ajili ya msimu unaoanza Agosti, japo kwa wavulana mara nyingi wanakupokea hata katikati ya msimu. Watakutaka ujaze fomu ya daktari kwamba mwili wako mzima, na hapo sema ukweli kama bega au mgongo una historia, manake utakaoumia si wewe peke yako. Kabla hujasaini chochote uliza habari ya hela. Kuna vyuo vinakulipia yunifomu, viatu na kambi ya kiangazi, vingine vinakupa na kamsaada kadogo ka ada, na vingine unalipa kila kitu mwenyewe mpaka soksi, kwahiyo uliza mapema na uombe jibu kwa maandishi, usione aibu, aibu yenyewe si umeshaamua kuiacha.

Kambi ya kiangazi usiikose. Mambo ya kambi yalianzishwa na bwana mmoja wa Texas anaitwa Lawrence Herkimer, mwaka 1948, na kambi yake ya kwanza ilikua na wasichana 52 na mvulana mmoja. Mmoja! Namuwazaga sana yule kijana, sijui alilala wapi. Huyohuyo Herkimer ndo aliyepata hati miliki ya pompomu, na ule mruko wa mguu mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa unaitwa heki kwa jina lake. Kama unataka kuujifunza, usihangaike kuruka juu, hangaika kuinua goti na kifua kibaki wima, halafu utue miguu miwili kwa pamoja magoti yamelegea kidogo. Ukitua umekakamaa goti litakutumia bili ukifika miaka arobaini, la kwangu lilishatuma.

Sauti

Hapa ndo nilipopata faida kubwa ya maisha kwahiyo nisome taratibu. Watu wanapiga kelele kwa koo. Koo inakufa robo ya pili, mechi bado mbichi, na we umeshabaki kufungua mdomo bila sauti. Kelele inatoka tumboni, weka mkono chini ya mbavu, vuta pumzi mpaka mkono usukumwe nje, halafu toa neno kwa kusukuma na tumbo, koo yenyewe imelegea na sauti imeshuka chini kidogo, usiipandishe, sauti nyembamba inapotelea hewani na nzito inafika jukwaa la juu. Maneno yawe mafupi. Silabi moja, pigo moja, halafu nyamaza ili watu wapate nafasi ya kujibu. Hii ya kunyamaza ndo ngumu kwa vijana, anapiga kelele mfululizo mwenyewe na watu wanamwangalia tu, manake hajawaachia pa kuingilia. Ukishika megafoni ibane kwenye mdomo na uielekeze juu kwa watu, usiielekeze uwanjani, wachezaji hawakusikii na wala hawana shida na wewe.

Mpaka leo nahubiri bila maikrofoni umeme ukikatika na hakuna anaelalamika isipokua watoto waliolala. Ila tabia moja imegoma kutoka, nikisema neno zito nasubiri jukwaa lijibu, na ushirika wangu ni watu wapole wa asili, kwahiyo kuna ukimya mrefu pale kati mpaka mzee mmoja wa nyuma anahurumia anasema "ameni" kama anasaidia gari kuwaka.

Ujue mchezo wenyewe

Usishangilie kitu usichokielewa, jamani. Kwenye futiboli, timu yenu ikiwa na mpira na kwotabeki, yule anaeongoza mashambulizi, anawapangia wenzake maneno, nyie mnanyamazisha watu, mikono chini, utulivu, manake wachezaji wanahitaji kumsikia. Wapinzani wakiwa na mpira ndo mnafungulia kelele zote, hasa lile jaribio la tatu, manake wana majaribio manne na wasipofika hapo kwa kawaida la nne wanalitumia kuupiga mpira mbali na kuwaachia nyie. Kwenye kikapu hivyohivyo, mchezaji wenu akiwa kwenye mstari wa kurusha mipira huru mnatulia, wa kwao akiwa pale hamtulii. Tulikua na mwenzetu mmoja kutoka kijiji cha mbali huko Nebraska, mwili wa trekta, moyo wa dhahabu, miezi miwili yote alikua anaongoza watu kupiga kelele za "zuieni! zuieni!" wakati sisi ndo tunashambulia, na alikua na sauti kubwa kiasi kwamba watu wanamfuata. Kocha wa futiboli alimtumia ujumbe kupitia kocha wetu, sitauandika hapa.

Kikapu kina jambo lake jingine. Vyuoni wanaume wanacheza nusu mbili za dakika 20, na kuna mapumziko ya televisheni yanayokuja mpira ukisimama mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Hapo ndo mnakimbilia katikati ya uwanja kufanya mambo yenu. Angalia saa, usiangalie mpira. Ikishafika 16 na sekunde chache uwe umeshafunga kamba za viatu na umejua unasimama wapi. Honi ya kwanza ikilia ni onyo, muanze kushuka na kutoka, ya pili ikilia uwe nje, kwa sababu wale warefu wanarudi uwanjani wakiwa wamekasirika na hawakwepi mtu. Na ukipewa kushika kibao cha herufi kikague kabla hujakimbia. Kuna siku vibao viwili vilibadilishana mikono na tukasimama mbele ya umma wote tukiwahimiza kwa furaha kubwa neno ambalo haliko kwenye lugha yoyote duniani.

Kunyanyua mtu

Haya sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Anaepanda juu anaitwa flaya, anaebeba chini ni besi, na anaesimama karibu kwa ajili ya kulinda ni spota. Wewe mvulana utakua besi, usiote ndoto nyingine.

Stanti, yaani mtindo wa kunyanyua mtu, ya kwanza watakayokufundisha inaanzia nyuma ya flaya. Wote mnatazama watu, yeye mbele yako, we unamshika kiunoni na yeye anakushika vifundo vya mikono. Miguu yako upana wa mabega. Mnachuchumaa kidogo kwa pamoja, kwa magoti, mgongo wima, halafu anaruka juu kama anaenda mwenyewe na we unamsindikiza kwa miguu yako. Nasema miguu. Besi mpya wote wananyanyua kwa mikono, anatoka mishipa ya shingo, anatetemeka, binti anafika usawa wa kidevu anarudi. Nguvu iko kwenye mapaja, mikono inamalizia tu. Akishapita usawa wa macho yako unamwachia kiuno na unazidaka nyayo zake, kisigino kinakaa kwenye kiganja, vidole vinazunguka kiatu, na mikono yako inatulia usawa wa mabega viwiko vimebana karibu na mbavu. Hapo mmefika. Pumueni. Yeye anabana mwili wote, makalio, tumbo, mapaja, haangalii chini, anaangalia watu na kutabasamu. We unamwangalia yeye, kiuno chake hasa, kwa sababu kiuno ndo kinakwambia anaelekea kuangukia wapi kabla hata yeye hajajua. Akiegemea mbele usivute miguu yake kurudi nyuma, sogea wewe uende chini yake.

Ukilizoea hilo miezi kadhaa ndo mnaenda kunyoosha mikono mpaka juu ya kichwa, halafu mguu mmoja, halafu ile ya nyayo zote mbili kwenye kiganja kimoja ambayo inawapendeza sana wazazi na inaharibu sana kifundo. Usiruke hatua. Kocha anaekwambia ruka hatua kwa sababu mechi ni jumamosi, mwambie hapana kwa heshima, na kama hakusikii toka hiyo timu.

Kushuka ndo watu wanaumia. Kwenye kushuka kwa kudakwa, unamsukuma juu kidogo, yeye anajilaza mgongo ukiwa umebana, unamdaka juu juu, usimsubiri afike chini, mkono mmoja mgongoni mwingine mapajani, na magoti yako yanameza uzito. Spota yeye anakwenda moja kwa moja kwenye kichwa na mabega, hilo halina mjadala. Na kuna sheria moja ambayo kila timu nzuri inayo hata kama haijaandikwa popote, kwamba flaya haigusi sakafu kabla yako. Akianguka, we uko chini yake. Ukikwepa, hata kama ni sekunde moja tu ya woga, hakuna binti atakaekupandia tena, na hawatakosea.

Sasa, pua. Flaya akiwa mtulivu anashuka viwiko vimebana. Akiogopa mikono inazunguka pande zote inatafuta cha kushika, na uso wako ndo uko karibu. Kwahiyo meno funga, ulimi ndani, kidevu kivute chini kidogo, na ukimdaka peleka kichwa chako upande wa miguu yake. Mi kiwiko kilinipata ijumaa jioni, na jumapili asubuhi ilikua zamu yangu kuongoza maombi kanisani, nikasimama mbele na pamba kwenye tundu zote mbili, macho yamezungukwa na weusi, nikawaambia watu tumwombee kila mmoja anaepitia vita. Bibi mmoja alinifuata nje akanishika mkono akasema mwanangu, huyo aliyekupiga, umemsamehe? Nikamwambia ndio bibi, ana kilo hamsini na anaitwa dada wa kwaya. Hakunielewa na sikumfafanulia.

Kuhesabu. Kila kitu kinakwenda kwa hesabu ya nane, mtu mmoja tu anahesabu na wengine wanatii, mara nyingi ni spota wa nyuma. Wawili wakihesabu mmeshaanguka. Hata anaehesabu akikosea mfuateni kwenye kosa lake, watano waliokosea pamoja wako salama kuliko wanne waliopatia na mmoja peke yake.

Kuhusu mikeka. Mwaka 2006 kwenye mchezo wa kikapu kule St. Louis binti mmoja wa Southern Illinois University alianguka kutoka kwenye piramidi, kama mita nne na nusu, akaangukia kichwa, mbele ya watu wote na televisheni. Alipokua anatolewa kwenye machela kafungwa shingo, bendi ikapiga wimbo wa chuo na yeye akaanza kufanya mikono ya wimbo akiwa amelala vilevile. Uwanja mzima ulilia na hata mi nikikumbuka ile video nasikia kitu kooni, ila usiliangalie hilo ukasema oh, ushujaa. Angalia kilichofuata, vyuo vikapigwa marufuku kurusha watu hewani na kujenga piramidi ndefu kwenye sakafu tupu ya kikapu bila mkeka. Sakafu ya mbao haina huruma. Ukiona timu inajirusha kwenye korido ya bweni au kwenye maegesho ya magari ili wapate video, pita mbali.

Pushapu

Hili mtu hakuniambia. Vyuo vingi vina desturi kwamba timu ya futiboli ikifunga, machialida au maskoti (yule anaevaa vazi la mnyama wa timu) wanapiga pushapu sawa na pointi zote zilizoko kwenye ubao. Sio pointi za lile goli tu, zote. Timu ikifunga ya kwanza unapiga 7, ya pili 14, ya tatu 21, unaendelea hivyo, kwahiyo mkifika 42 umeshapiga jumla 147. Mwanzoni nilikua naomba tushinde. Kufikia Oktoba nilikua naomba tushinde kwa kiasi. Kuna jumamosi wenzetu wapinzani walikua dhaifu mno, watoto wa watu, na nilijikuta pale kwenye majani uso chini namsihi Mungu awape wapinzani nguvu mpya kama tai. Ushauri wa kitaalamu: mikono iwe mipana kidogo kuliko mabega, piga taratibu kwa kufuata watu wanavyohesabu, wao wanachoka kuhesabu kabla yako na wanaanza kuongeza kasi, usiwafuate kwenye hiyo kasi. Na zile za kwanza 7 usijionyeshe kwa mkono mmoja. Nimewaona waliojionyesha.

Vitu vidogo vidogo

Kucha kata fupi. Pete, hereni, mkufu, hata wa msalaba, vua, hilo liko kwenye kanuni za usalama na linahusu vidole vyako. Bablishi toa mdomoni. Viatu vyeupe vya michezo usivivae barabarani, mawe madogo yakibaki kwenye soli flaya anayahisi na wewe unayasikia kwenye kiganja. Tabasamu fanyia mazoezi mbele ya kioo, na meno ya juu yaonekane, manake tabasamu la mtu aliyebeba kilo hamsini linageukaga lenyewe likawa sura ya kutisha watoto.

Zile tatuu za kubandika shavuni, nembo ya chuo, mnabandikwa kwa kitambaa cha maji kabla ya mechi na kila mtu anafurahi. Mechi ikiisha usiku unarudi umechoka unalala nayo. Mahubiri yangu ya kwanza kabisa maishani, kwenye kanisa dogo lililonialika kwa heshima kubwa, niliyahubiri na wayo mwekundu wa mnyama shavuni, nimeusugua kwa sabuni bwenini mpaka ngozi yenyewe ikawa nyekundu na wayo bado upo tena umezidi kung'aa. Hakuna aliyesema kitu. Mahubiri yalikua juu ya alama ya mnyama kwenye Ufunuo, mada nimepewa na mchungaji mwenyeji wiki tatu kabla. Kwahiyo andika hii mahali: mafuta ya mtoto, pakaa mengi, subiri dakika moja, futa na pamba, inatoka yote. Sabuni haisaidii.

Ratiba pia ipange kabla msimu haujaanza. Futiboli ya vyuo ni jumamosi, safari za basi zinarudi alfajiri, na mashindano makubwa ya Aprili kule Daytona Beach, Florida, yanaweza kuangukia karibu na Pasaka. Ongea na mchungaji wako na kocha wako mapema, wote wawili, na usimwambie kila mmoja kwamba mwenzie ndo mkali. Watakuja kukutana. Kule Daytona kwenyewe mnajiandaa mwaka mzima kwa onyesho la dakika mbili na kidogo, na wanaoshinda wana desturi ya kukimbilia baharini na yunifomu zao zote. Sisi hatukushinda ila tulikimbilia baharini vilevile, kocha alisema mambo ya maji hayana mshindi.

Ukishakua mchungaji

Ubatizo wa maji mengi. Hapa nawaambia wachungaji wenzangu ambao hawakubahatika kubeba machialida. Unaembatiza hawezi kujisaidia, amefumba macho na ameshika pua, na baadhi yao ni watu wa miili. Simama upande wake, miguu upana wa mabega kwenye maji, mguu mmoja nyuma kidogo. Mkono mmoja juu mgongoni katikati ya mabega, karibu na shingo, mwingine umeshika mikono yake iliyokunjwa kifuani. Mwambie akunje magoti, usimlaze akiwa amekakamaa, atakuvuta. Mnashuka pamoja kwa magoti yako, maji yanabeba sehemu kubwa ya uzito, na kupanda unasukuma kwa mapaja. Kuna kaka mmoja wa ushirika, dereva wa malori, kilo mia na arobaini, shemasi alinifuata pembeni akaniuliza kwa upole kama tuite watu watatu wa kusaidia. Nikamwambia shemasi simama nyuma ya kichwa chake, macho kwake muda wote, usiangalie watu. Tukashuka, tukapanda, safi kabisa. Tatizo ni kwamba nilikua nahesabu kwa sauti bila kujua, na maikrofoni ya kwenye kola ilikua imewashwa, kwahiyo ushirika mzima ulisikia "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, tano, sita, saba, nane".

Tangu hapo vijana wanajua. Na kwenye pikiniki ya kanisa watakufuata wanakwambia pasta turushe mmoja tu, mmoja tu. Jibu langu ni hilihili na mnaweza kulitumia: leteni mkeka, leteni besi wa pili na spota wa nyuma na wa mbele walioshaifanya hii kitu, na mzazi wa anaetaka kurushwa aje asimame hapa akubali kwa mdomo wake. Mpaka leo hawajaweza kuleta vyote. Juzi walikuja na mkeka, na spota wawili wa kweli kutoka timu ya yule kijana wa mwanzo, na mzazi akasema sawa, ila aliyetaka kurushwa alikua mzazi mwenyewe, mama wa yule kijana, na besi wa pili hakuwepo. Nikamwambia mama tukutane mazoezini jumatatu.